Kila Karatasi na Wino Wake

Kabla hujachapisha tasnifu yako au picha za arusi ya dada yako, tambua kwanza wino ulio nao. Wino ulioyeyushwa kabisa majini hupenya ndani ya karatasi. Rangi zake hupendeza kwenye karatasi za picha zinazong'aa, lakini matone ya mvua huufanya uchuruzike na jua huupausha. Wino wa chembechembe hukaa juu ya karatasi. Huo ndio ufaao maandishi kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80.

Printa ya leza nayo hutumia poda inayoyeyushwa kwa joto. Usiitie karatasi ya picha ya printa ya wino: utando wake waweza kuyeyuka na kuiharibu mashine. Soma pakiti kabla ya kununua.