Ngozi ya Samaki na Jeraha la Moto

Wasomaji wengi wamewahi kumwona mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto. Mama hupiga kelele, majirani huja mbio, na kila mmoja ana dawa yake: huyu unga, huyu samli, huyu dawa ya meno. Lakini ukiuliza ni nani aliyepata kuijaribu dawa hiyo, hupati jibu.

Hebu tuwatazame watu wa Iceland, nchi ya wavuvi. Huko ngozi ya chewa wa bahari ya baridi imefanywa dawa ya vidonda. Haitolewi sokoni ikabandikwa mwilini. Huparuliwa magamba, huoshwa mpaka chembe zote za samaki zitoke, kisha huuawa vijidudu. Hubaki utando wenye vitundu vingi, na nyama mpya ya mgonjwa hupenya humo na kukua.

Je, yafaa? Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2015, watu 81 walikubali kutobolewa vidonda viwili kila mmoja, vya upana wa milimita 4. Kimoja kilifunikwa kwa ngozi ya samaki, na cha pili kwa utando wa utumbo wa nguruwe, dawa iliyokwisha kujulikana. Vidonda vya ngozi ya samaki vilipona upesi zaidi.

Hata hivyo, kidonda cha kutobolewa si jeraha la moto. Kwa hiyo wachunguzi wa jeshi la Marekani walijaribu tena juu ya nguruwe 6 waliounguzwa wakiwa wamelazwa usingizi wa dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: ngozi ya samaki ilishikamana na jeraha mapema kuliko ngozi ya ndama iliyolinganishwa nayo.

Basi asije mtu akabandika ngozi mbichi ya samaki wa jikoni. Hiyo ina vijidudu, nayo itaozesha jeraha. Mtoto akiungua, mwagie maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala usitumie barafu. Mfunike kwa kitambaa safi, kisha umpeleke hospitali bila kukawia.

Na jirani akija na kopo lake, mpokee kwa heshima, lakini umwulize: dawa hii imejaribiwa kwa nani, na ikalinganishwa na nini?