Alkoholi si Pombe

Imezuka tabia miongoni mwa baadhi ya walimu wenzetu, nayo hatuwezi kuinyamazia. Kila wakutanapo na neno alkoholi katika maandishi ya kemia, huandika "pombe" au "kileo", kisha hujisifu kwamba wamekitumikia Kiswahili. Sisi twasema hawakukitumikia, wamekipunja.

Katika kemia, alkoholi ni jina la jamii nzima. Alama ya jamii hiyo ni kundi la haidroksili, yaani atomi moja ya oksijeni iliyoshikana na atomi moja ya haidrojeni, na kundi hilo likaungana na atomi ya kaboni. Ethanoli, iliyomo katika pombe, ni moja tu katika jamii hiyo. Na pombe yenyewe, sehemu yake kubwa ni maji. Gliserini tuipakayo ngozini ina makundi matatu ya haidroksili, wala hatujasikia aliyelewa kwa kujipaka. Methanoli nayo ni ya ukoo huo huo. Kwa macho na kwa harufu hukaribia kufanana na ethanoli, lakini ni sumu: mwilini hugeuka kuwa asidi ya fomiki, ikapofusha na hata kuua.

Hapo ndipo penye hatari. Nairobi mwaka 2000 watu zaidi ya 100, na Kabale nchini Uganda mwaka 2010 makumi ya watu, walikufa kwa kunywa vileo vilivyokuwa na methanoli. Hatudai kwamba tafsiri mbaya iliwaua. Twauliza tu: mwanafunzi aliyefundishwa kuwa kila alkoholi ni pombe, atajikinga kwa elimu gani?

Watatujibu kwamba alkoholi ni neno geni. Basi na waijue asili yake. Latokana na Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja wa kutia machoni. Wazungu waliliazima kwa maana ya unga laini, kisha kiini cha kitu, na hatimaye kiini cha mvinyo. Lugha iliyokwisha kupokea kitabu, dawa na hesabu kutoka huko huko, yaona haya gani kulipokea na hili?

Hatukatai kutafsiri. Twakataa tafsiri inayompa mwanafunzi neno na kumnyang'anya maana. Pombe na ibaki kilabuni. Darasani, alkoholi na iitwe alkoholi.