Ukitoka kupiga mbizi, usikimbilie ndege

Wakazi wengi wa miji ya bara siku hizi humalizia likizo zao Pwani kwa kupiga mbizi na mtungi wa hewa mgongoni. Huko Kisite na Mpunguti, visiwa vilivyo mkabala na Shimoni, huteremka kwenye miamba ya matumbawe kutazama samaki na kasa. Ni burudani nzuri, nayo haina ubaya ikifuata taratibu. Hatari huanza pale mtu anapotoka majini adhuhuri, na jioni hiyo hiyo akawa yumo ndani ya ndege ya kurudi Nairobi.

Ndugu msomaji, kila mita 10 unazoteremka baharini, shinikizo juu ya mwili wako huongezeka kwa kiasi sawa na kile cha hewa unayoizoea nchi kavu. Katika kina cha mita 20, kwa hivyo, shinikizo ni mara tatu. Hapo naitrojeni iliyomo katika hewa unayovuta huingia kwa wingi katika damu, mafuta na viungo. Ukipanda polepole, hutoka taratibu kwa pumzi. Ukipanda kwa pupa, hufanya mapovu mwilini, mfano wa chupa ya soda inapofunguliwa.

Mapovu hayo ndiyo huleta maradhi ya wapiga mbizi. Dalili zake ni maumivu ya mabega, magoti au viwiko, ngozi kuwasha, kizunguzungu, miguu kufa ganzi na kushindwa kukojoa. Mengine huishia kwa kupooza. Huanza aghalabu saa chache baada ya mtu kutoka majini, ingawa zaweza kuchelewa hata siku nzima.

Ndege inaingiaje hapa? Hewa ndani ya ndege ya abiria hulingana na ile ya mlima wenye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400. Shinikizo hupungua, na naitrojeni iliyobaki mwilini hupata nafasi ya kutoa mapovu. Wataalamu wanashauri mtu angoje angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, na saa 18 ikiwa amezama mara kadhaa. Saa 24 ni salama zaidi.

Asidhani msafiri wa basi au garimoshi kwamba yeye hahusiki. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na safari ya kupanda huko ni ya saa chache tu.

Wako pia wanaouliza juu ya Ziwa Turkana. Nariokotome, mahali palipopata sifa mwaka 1984 kwa mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, pako upande wa magharibi wa ziwa hilo. Mbali na mamba, liko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 300, kimo ambacho hesabu za kuzama baharini hazitoshi tena. Isitoshe, barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kitale hupanda hadi zaidi ya mita 1,900.

Kwa maoni yangu, lawama si za mtalii peke yake. Anayekodisha mitungi yafaa amwulize kila mteja, kabla hajagusa maji: “Unarudi lini, na kwa chombo gani?” Asiyejibu vizuri asipewe mtungi. Nao madaktari wa bara, wanapomwona mgonjwa mwenye ganzi ya miguu, wamwulize kama ametoka kupiga mbizi. Bila swali hilo, ni rahisi mgonjwa kupewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani, ilhali anahitaji oksijeni safi mara moja na kupelekwa kwenye chumba maalumu cha shinikizo. Kumrudisha baharini “ajitibu” ni kumwangamiza.

Wewe nawe, usipige mbizi ukiwa na mafua, usizuie pumzi unapopanda, wala usipite mita 9 kwa dakika. Mwenye pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza, na mja mzito asizame kabisa.

Kisha panga likizo yako vyema: zama Ijumaa, pumzika ufuoni Jumamosi, rudi nyumbani Jumapili. Siku moja ya mapumziko ni nafuu kuliko miguu miwili.