Bi Harusi, Simu Yako Haina Kosa



Msimu wa harusi uliopita alitupigia simu binti mmoja kutoka Wete. Shoga yake alimwambia kuwa tunashona magauni ya harusi yenye stara, mikono mirefu na kifua kilichofunikwa vizuri, naye akataka kuona mishono kwenye tovuti ya duka letu kabla ya kupanda boti kuja Unguja. "Dada, nahangaika tangu alasiri," alisema. "Kiduara kinazunguka tu, kisha skrini nyeupe. Bando nililonunua asubuhi limekwisha na sijaona hata gauni moja. Nikadhani mmefunga duka." Tulimtaka radhi, tukamtumia picha kwa WhatsApp. Lakini alikuwa amekwisha kutoa arubuni kwa fundi mwengine.

Tuseme kweli, kwanza tulimlaumu yeye kimoyomoyo. Tukasema ni mtandao wa Pemba, au simu yake ya zamani. Sisi dukani tuna waifai na simu zetu si mbaya, ukurasa ulikuwa unafunguka. Ndipo mmoja wetu akasema tujaribu kama mteja. Tukaazima simu ya mwanafunzi wetu wa cherehani, simu ya bei nafuu yenye bando la kawaida, tukakaa nayo barazani. Mwenye tasbihi akaanza kuhesabu. Alimaliza punje 33 za Subhanallah, akaingia Alhamdulillah, na gauni la kwanza bado halijatokea. Lililotokea kwanza lilikuwa tangazo la mchezo wa simu.

Kijana aliyetutengenezea tovuti alikuwa ameweka vitu vingi kwa nia njema. Matangazo ya kampuni ya nje, "mpate na nyinyi chochote". Kisanduku cha kuchati. Dirisha linalochomoza kabla hujasoma kitu. Vitufe vya mitandao ya kijamii, kaunta ya wageni, picha zinazojizungusha zenyewe. Kila kimoja kinakuja na skripti yake, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ambayo simu ya mteja inalazimika kuyapakua na kuyatekeleza.

Sisi ni mafundi cherehani, si watu wa kompyuta, kwa hiyo tuliposomeshwa jambo hili tulilielewa kwa lugha yetu. Kivinjari, ile programu unayofungulia mtandao, husoma ukurasa kutoka juu kwenda chini. Kikikutana na skripti ya kawaida kinasimama. Kinaiagiza, kinaisubiri ifike, kinaitekeleza, ndipo kiendelee na mstari unaofuata. Ni sawa na fundi anayesimamisha cherehani katikati ya mshono, akamtuma mtoto Darajani kununua vifungo, na hashoni hata inchi moja mpaka mtoto arudi. Na katika ukurasa wetu mtoto alikuwa hatumwi duka moja. Skripti za watu wa nje hazikai kwenye seva yetu. Kila moja ina seva yake, pengine Ulaya, pengine Marekani. Kwa kila seva mpya simu inatafuta kwanza anwani, inabisha hodi, wanakubaliana namna ya kuficha mazungumzo yao, ndipo mzigo unaanza kusafiri. Kwa mtandao wenye nguvu huoni kitu. Kwa mtandao unaokatikakatika, kila hodi ni subira.

Matangazo ndiyo yenye mambo zaidi. Usidhani tangazo limekaa mahali linakungoja. Mara nyingi, unapofungua ukurasa ndipo mnada unapoanza: kampuni kadhaa zinaambiwa kuna mtu amefika, zinapewa habari zake kidogo, zinashindana bei, na anayeshinda ndiye anayeleta tangazo lake. Naye huja na skripti nyengine za kuhesabu kama umeliona, umeligusa, umelipita. Umemwalika mtu mmoja karamuni, yeye amekuja na ukoo mzima, na wali umepikiwa wageni wako.

Jambo jengine ambalo hatukulijua ni kwamba MB moja ya picha na MB moja ya skripti si mzigo mmoja. Picha ikifika inatandazwa tu. Skripti ikifika simu lazima iisome, iielewe, iitekeleze, na kazi hiyo inakula nguvu ya simu yenyewe. Ni tofauti ya kununua gauni lililokwisha kushonwa na kununua mita za lesi ambazo bado hazijakatwa. Simu ya bei kubwa inashona haraka, ya bei nafuu inachukua mara kadhaa ya muda huo. Ndiyo maana mwenye tovuti anayejaribu kwa simu yake nzuri atasema kila siku kuwa mambo ni mazuri.

Ushahidi mkubwa ulionekana mwaka 2018 kwenye gazeti la Marekani, USA Today. Tarehe 25 Mei mwaka huo Umoja wa Ulaya ulianza kutumia sheria yake mpya ya kulinda taarifa za watu. Gazeti hilo likawatengenezea wasomaji wa Ulaya ukurasa wa peke yao, usio na matangazo wala skripti za kufuatilia. Waliopima walikuta uzito umeshuka kutoka MB 5.2 hadi takriban KB 500. Yaani msomaji aliyefuata habari alikuwa anabeba mzigo mara kumi ya unaohitajika, na sehemu kubwa ya mzigo huo haikuwa yake.

Wako watakaosema, basi watu wale wapi? Hoja hii tunaiheshimu. Gazeti linalipa waandishi, na mwenye kuandika bure lazima apate chakula. Hatusemi tangazo ni baya kwa kuwa ni tangazo. Sisi wenyewe tumebandika vikaratasi vyetu mpaka Mwanakwerekwe. Ila kwa duka dogo kama letu hesabu haikubali. Kampuni iliyotuwekea matangazo hailipi mpaka mapato yafike dola 100. Katika miezi minane hatukufika hata dola nne. Gauni moja la binti wa Wete, pamoja na shela na kazi ya shanga, lingetupa faida ya kutosha kulipia tovuti mwaka mzima. Tulikuwa tunauza mlango wa duka kwa bei ya bobini.

Na kuna aibu, hii ndiyo iliyotuuma kuliko fedha. Bi harusi mmoja wa hapa mjini alikaa na mama mkwe wake mtarajiwa, akamfungulia ukurasa wetu amwoneshe gauni la nikaha. Picha ikachelewa. Tangazo likawahi: tovuti ya kutafuta wapenzi, na picha ambayo hatutaieleza. Alipogusa alifunge, ukurasa ukaruka, kidole kikaangukia juu ya tangazo lenyewe. Kuruka huko si bahati mbaya. Tangazo likifika limechelewa na halikutengewa nafasi yake, linasukuma kila kitu chini, na ulichokuwa unakigusa si hicho tena. Mama mkwe, Allah amjaalie kheri, alinyamaza. Lakini binti alitwambia alitamani ardhi ipasuke.

Sisi hatukulichagua tangazo lile, na hatukuliona kabla. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Katika Suratun Nur, aya ya 27, tumefundishwa kutoingia nyumba za wengine mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Mteja anapofungua ukurasa wetu anadhani yupo na sisi tu. Hajui kuwa wako wengine nyuma ya pazia wanaoandika kuwa huyu anaangalia magauni ya harusi, kisha wanaweka alama ndogo kwenye simu yake, ziitwazo vidakuzi, wamtambue akienda kwengine. Safari ya Apple ilianza kuzuia vidakuzi vyote vya watu wa nje mwaka 2020. Chrome, iliyomo kwenye simu nyingi za Android, iko chini ya Google, na Google ilitangaza mwaka huohuo kuwa itaviondoa, kisha mwaka 2024 ikabadili nia. Kwa hiyo wengi wetu hatuna wa kututetea isipokuwa mwenye ukurasa awe na haya.

Tumefanya nini? Matangazo ya nje tumeyaondoa yote. Kisanduku cha kuchati tumebadilisha kwa kiungo cha maandishi cha WhatsApp, hakina uzito wowote. Kaunta ya wageni imekwenda, na hakuna aliyeiulizia. Video ya kujipima mwili tumeweka picha yake tu; anayeitaka anaigusa ndipo inafunguka. Picha zetu nazo zilikuwa na kosa, tulikuwa tunapandisha zilivyotoka kwenye kamera, sasa tunazipunguza kwanza. Fundi akatufundisha pia kuwa skripti ambayo huna budi nayo inaweza kuongezewa neno dogo kwenye mstari wake ili kivinjari kisisimame kuisubiri. Inasaidia, ingawa bando la mteja linaliwa vilevile. Tangazo lililobaki ni moja, la mpaka hina jirani yetu. Ni picha moja, ipo kwenye seva yetu, nafasi yake imetengwa, na tuliiona kabla ya kuiweka. Anatulipa kila mwezi mkononi. Barazani, kwa simu ileile ya mwanafunzi wetu, gauni la kwanza sasa linatokea kwenye punje ya nne.

Dada mwenye biashara, usipime kwa simu yako na waifai yako. Azima simu ya binti wa kazi, zima waifai, hesabu.

Na nyinyi mabibi harusi, ukurasa ukizunguka bila kufunguka msinunue bando jengine wala msilaumu simu zenu. Mpigieni mwenye duka mumwambie. Sisi tulikaa miezi minane tukidhani biashara imelala, maana wote walioshindwa kutufungua waliondoka kimya, mpaka binti wa Wete alipopiga simu.