Jalebi Si Adui, Bali Tuipike Wenyewe

Kila Diwali inapokaribia, wagonjwa wangu wenye kisukari huniuliza: "Daktari, hata jalebi umeikataza?" Zamani nilijibu ndiyo bila kufikiri. Nilikosea. Mama mmoja niliyemkataza alikuja kuniambia kwamba alikuwa akiila jikoni usiku, watu wamelala, na siku hizo hakupima sukari yake kwa kuogopa nitamgombeza. Ukali wangu haukumsaidia. Ulimfundisha kunificha.

Kwa maoni yangu, anayependa jalebi na aipike mwenyewe, kwani mpishi huona kilichomo. Unga wa ngano na unga wa dengu kidogo huchanganywa na maziwa ya mgando, ukaachwa usiku kucha uchachuke. Kisha humiminwa kwa mizunguko kupitia tundu dogo la kitambaa katika karai la mafuta moto. Jalebi ikikauka, hutumbukizwa katika shira vuguvugu yenye iliki na zafarani.

Itazame shira hiyo. Vikombe viwili vya sukari ni takriban gramu 400. Mwaka wa 2015, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari tunayoongeza, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata katika chakula. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50 kwa siku, na ikipungua hadi nusu ni bora zaidi. Ukishaimimina sukari hiyo sufuriani kwa mkono wako, huhitaji mahubiri ya daktari.

Nyumbani pia unatumia mafuta mapya, si yaliyokaangiwa tangu juzi. Unafanya vipande vidogo, unavitoa mapema na kuviacha vichuruzike. Lakini usijidanganye kwa sukari guru au asali. Hizo nazo hupandisha sukari mwilini.

Watoto wasikaribie jiko. Shira ya moto hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Mtu akiungua, mwagie maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno wala siagi. Akiwa ameungua sana, mpeleke hospitalini.

Nawe mwenye kisukari, zungumza na daktari wako kabla ya sikukuu. Wengi wanaotumia dawa vizuri wanaweza kula kipande kimoja kidogo baada ya chakula, wakipunguza wali au chapati, na kupima sukari baadaye. Dawa zisiachwe. Ndugu zetu wa Pwani wenye kaimati za Ramadhani, shauri ni hilo hilo.

Sisi madaktari nasi tupunguze makatazo, tuongeze mazungumzo. Wahenga walinena: mficha maradhi, kilio humfichua. Tusiwe sisi tunaowafanya wagonjwa wafiche.