Bibi Titi Si Barabara

Wako wanawake wa Ireland waliohukumiwa katika karne ya 19 kwa wizi wa shuka au gauni, ambao hadi leo rangi ya macho yao inajulikana. Serikali ya Uingereza iliwapakia merikebuni ikawapeleka Australia, na makarani waliowapokea huko waliandika katika madaftari makubwa kimo cha kila mmoja, rangi ya nywele zake, kovu la shavuni, kazi aliyoiweza, kosa lililomleta, na mara ngapi aliadhibiwa tena kwa kumjibu vibaya bwana wake. Kati ya mwaka 1788 na 1868 wahukumiwa wapatao 162,000 walihamishwa kwa njia hiyo, na wanawake walikuwa kiasi cha 25,000. Leo vilembwe wao wanayafukua madaftari hayo jina kwa jina. Mjini Hobart, jela walimofanyishwa kazi iliingizwa mwaka 2010 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tena umekuwapo mradi wa kushona kofia ya kitambaa kwa ajili ya kila mmoja wao, kofia 25,566, ili asisahauliwe hata mmoja.

Habari hizo nilizisoma nikiwa na kazi ya kufasiri, nimefikia kwa ndugu yangu Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Kulipokucha nilishika njia ya Maktaba Kuu, nikavuka Mnazi Mmoja, uwanja ule ambao wakoloni waliuacha wazi ili mji wa Waafrika usigusane na mji wa wengine. Nilipofika barabarani nilimwuliza kijana muuza maji kama anamjua mwenye jina lililo kwenye kibao. Alinitazama kwa huruma, kama atazamwavyo mgeni aliyepotea.

"Bibi Titi ni barabara hii, mama. Unakwenda wapi?"

Simlaumu kijana. Nawalaumu watunzi wa mashairi, na mimi nimo.

Maana Titi binti Mohamed, kabla hajawa mwanasiasa, na kabla hajawa mfungwa, alikuwa mwimbaji. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, na alipofikwa na siasa alikuwa mwimbishaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alifika mjini akawauliza viongozi wa TANU iko wapi sehemu yao ya wanawake. Haikuwapo. Ndipo alipotafutwa Titi, na baada ya miezi michache tu wanawake walioandikishwa wakatajwa kuwa 5,000.

Wanaotusimulia historia hupenda kulitaja jambo hili kama muujiza. Halikuwa muujiza. Vikundi vya ngoma vya wanawake vilikuwa na viongozi wao, ada, sare, mialiko ya harusi na mashindano ya mtaa kwa mtaa. Mwenye kumpata kiongozi wa kikundi amekwisha kuwapata wafuasi wake. Zaidi ya hayo, mwimbishaji ni mtu aliyezoea kusimama mbele za watu, kutupa neno na kungoja liitikiwe. Wanaume wa TANU walikuwa na katiba na ofisi yao Mtaa wa New Street, ambao sasa ni Lumumba. Sauti ya kuwaita wake za watu watoke majumbani ilikuwa ya mtu wa ngoma.

Yaliyofuata nitayapitia upesi, kwa kuwa ndiyo pekee yanayosemwa kila anapotajwa. Mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake. Mwaka 1965 akashindwa ubunge huko Rufiji. Mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipowakataza viongozi kupangisha nyumba, akajiuzulu. Oktoba 1969 akakamatwa. Kesi ya uhaini ilianza mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges, ikaenda siku 127, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais alimsamehe, akatoka na kuishi kwa upweke miaka mingi. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Mahakama ilisema ana hatia, yeye akakana; mimi si mwanasheria, na ugomvi wangu haupo hapo.

Ugomvi wangu ni kwamba anayetaka kuyafuata maisha ya mwanamke huyu hukutana kwanza na karani, kama walivyo wale wa Ireland. Sauti yake ndefu ya kwanza ni ile ya mahakamani, na kumbukumbu za Mahakama Kuu ziliwekwa kwa Kiingereza. Sauti yake ndefu ya pili ni ile aliyomsimulia mwanahistoria wa Kimarekani, Susan Geiger, mwaka 1984. Alimsimulia kwa Kiswahili. Kitabu kikatoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1997. Namshukuru bibi yule kwa dhati, maana bila yeye tusingekuwa hata na hayo. Alikuja kutoka mbali akaketi na kumsikiliza mwanamke ambaye majirani walikuwa wakilitaja jina lake kwa sauti ya chini. Lakini mimi ni mfasiri, nimejifundisha kazi hii kwa kamusi mbili kuukuu na kwa kukosea, nami najua kinachoanguka njiani. Usemi wa mwanamke wa ngoma una kijembe ndani yake, una fumbo linalomlenga aliyekaa pembeni, una pumziko la kungojea kiitikio. Vyote hivyo hufika upande wa pili vikiwa maelezo. Naye anayevirudisha tena kwa Kiswahili anarudisha maelezo.

Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tukihesabu mizani. Mwaka 1954, mwaka uleule ilipozaliwa TANU, Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Ni kitabu ninachokiheshimu, nacho ndicho kilichonifunza vina nilipokuwa sina mwalimu. Hadi leo natunga kwa mizani kumi na sita. Kosa halikuwa lake. Kosa ni letu tulioufanya mlango ule kuwa ukuta, tukaamua kwamba lisilokaa katika beti nne nne zenye vina vya kati na vya mwisho ni kelele za wanawake. Mizani ya wimbo wa ngoma imo katika goma lenyewe na katika mguu wa mchezaji. Ukiuandika wimbo bila kuvisikia hivyo, hakika utauona umepungua. Katika diwani zote nilizonazo chumbani kwangu, na si chache, hamna hata wimbo mmoja wa Bomba.

Najua jibu litakalotoka hapa visiwani. Nitaambiwa kwamba sisi tunaheshimu sana waimbaji wa kike, na mfano utakuwa Siti binti Saad. Haya, tumtazame Siti. Alikwenda Bombay mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika santuri. Na Shaaban Robert, mtu wa Tanga, mshairi kuliko washairi, aliona si aibu kushika kalamu akamwandikia wasifu. Kwa hiyo Siti, aliyefariki mwaka 1950, tunaweza kumsikia na kumsoma. Titi alifariki miaka hamsini baadaye, zama za redio, kaseti na televisheni, nami sijaona mshairi wa rika lake aliyekwenda kuketi naye barazani akamwuliza: mama, mliimba nini? Aliondoka jela mwaka 1972 na kuishi miaka 28 zaidi. Muda ulikuwapo.

Wako watakaosema kwamba nyimbo zile zilikuwa siasa tupu, na siasa hupita na wakati wake. Kauli hiyo ingenishawishi kama wasemaji wasingekuwa haohao wanaotunza tenzi za vita vya Wajerumani na mashairi ya kuwasifu magavana. Wengine, kwa sauti ya chini zaidi, wataniuliza kuna haja gani ya kumfufua mtu aliyetiwa hatiani. Hao nawaelekeza Hobart, wakazihesabu kofia.

Msichana aliyekuwa na umri wa miaka 18 mwaka 1955, akiwa hai leo, anakaribia miaka 90. Namwomba mhariri wa jarida hili atenge kurasa mbili katika kila toleo kwa ajili ya nyimbo za ngoma za wanawake wa pwani, ziandikwe kama zilivyoimbwa, pamoja na viitikio vyake na jina la kikundi, bila kunyooshwa vina. Nitafanya kazi hiyo bila malipo, na asiponikubalia nitaifanya vivyo hivyo kwa daftari langu.

Nimekwisha kuanza. Upande wa Gerezani nilipelekwa kwa bibi mmoja aliyecheza ngoma enzi zile, sasa haoni vizuri, amekaa kwenye mkeka ukutani na redio ndogo pajani. Nilipomweleza nilichokijia alizima redio, akapiga goti kwa kiganja mara tatu, akaanza. Aliimba ubeti mmoja, kisha akanyamaza, akaniinamishia sikio. Nikadhani amesahau.

"Itikia basi," akaniambia.