Msimwambie Apumzike

Mzee akipata kiharusi kwetu Kilosa, maneno ni yale yale. Ndugu wanajaa sebuleni, majirani wanaleta uji, na kila anayeingia anasema: "Mama, usijisumbue, pumzika, sisi tupo." Tunaamini huo ndio upendo, na kwamba ukoo wenye mshikamano haumwachii mgonjwa hata kushika kikombe chake mwenyewe. Nasema waziwazi: kiharusi kinawapoozesha wazee wetu, halafu sisi tunamalizia.

Baada ya kiharusi ubongo hujifunza upya kwa kurudiarudia: kushika, kuachia, kusimama, kukaa. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye mavuno makubwa. Mkono usiotumika hukakamaa, mapaja hunywea, mgongo hutoka vidonda. Na wagonjwa si wachache. Utafiti uliofanywa wilayani Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta kiharusi kikiwapiga watu wa Dar kwa kiwango kinachozidi cha nchi tajiri.

Mama yangu mkubwa, wa Kimamba, alipooza upande wa kushoto. Binti zake walimlisha, wakamwogesha, wakamgeuza. Baada ya miezi miwili mkono ulikuwa umejikunja kifuani kama umeficha kifaranga. Wageni hawakukatika, lakini hakuna aliyekuja kwa sababu anamhitaji.

Kisha wakaja wenzake wa kikoba, mikono mitupu. Sanduku lao lina kufuli tatu, na ufunguo mmoja ni wa mama mkubwa. "Dada, Jumamosi tunafungua. Ufunguo ni wako, uje nao." Tulikasirika; niliwaona hawana huruma. Jumamosi ya kwanza walimpakia bodaboda, mmoja akimshikilia nyuma. Baada ya wiki kadhaa alikwenda kwa mkongojo, akipumzika kwenye gogo lililo katikati ya njia. Chini ya mwembe walimpa noti azinyooshe kwa kiganja kile kibovu. Zilidondoka. Hakuna aliyemwokotea.

Sisemi kikoba kinachukua nafasi ya mtaalamu wa mazoezi tiba. Lakini pima safari ya mzee aliyepooza kutoka kijiji cha milimani hadi hospitali ya wilaya Kilosa, au St. Kizito pale Mikumi: nauli yake, nauli ya msindikizaji, siku nzima ya shamba. Atakwenda mara ngapi? Ndiyo maana baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 Shirika la Afya Duniani lilihimiza utengamao unaofanyika nyumbani na kijijini: mtaalamu aonyeshe, jirani arudie kila siku. Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliitambua familia kuwa mtunzaji wa kwanza. Sawa, lakini nani aliyemfundisha binti yangu namna ya kumwinua bibi yake bila kumvuta bega lililolegea? Kazi hiyo ingeanzia kwa mhudumu wa afya wa kijiji, na ianze sasa.

Wapo watakaonijibu kwamba kijijini mzee haachwi. Ni kweli haachwi peke yake. Anaachwa nje ya shughuli. Harusi anapelekewa pilau nyumbani, msibani anaambiwa tumekuwakilisha, kikao cha ukoo kinamalizika ndipo anaarifiwa. Mikumi, malori ya barabara kuu yamewafungia wazee upande mmoja wa mji; Kilosa, mvua zikinyesha njia za mitaani zinageuka tope, na mwenye mkongojo anakaa ndani mpaka kiangazi. Vijana wawili wenye majembe wangeitengeneza njia hiyo kwa asubuhi moja, na hiyo ingekuwa dawa bora kuliko chupa zote za uji tunazobeba.

Mwezi uliopita nilimkuta mama mkubwa barazani anachambua mchele. Nikainama nimvalishe kandambili. Alinichapa kofi begani, kwa mkono wa kushoto.